Kwa nini baadhi ya virusi havitoki mwilini

Mtu anayemeza dawa za kufubaza VVU ipasavyo anaweza kupimwa mwaka hadi mwaka na virusi visionekane kwenye damu yake. Akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache. Vilikuwa wapi? Jibu limo ndani ya kiini cha seli, kwenye utaratibu unaoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Wataalamu huuita epijenetiki.

DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia takriban mita 2. Ili ienee ndani ya kiini, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kibiringo. Palipokazwa hapasomeki, palipolegezwa husomeka. Kazi hiyo hufanywa na alama ndogo za kikemikali: asetili zikibandikwa kwenye histoni kwa kawaida hulegeza, na methili kwenye DNA yenyewe mara nyingi hunyamazisha. Mpangilio wa jeni haubadiliki hata kidogo. Ndiyo maana seli ya ini na ya ubongo zina DNA ileile lakini kazi zao ni mbalimbali.

Sasa tazama kirusi cha malengelenge ya mdomoni, herpes simplex. DNA yake huingia kwenye kiini ikiwa haina histoni hata moja. Seli huivamia na kuifunika kwa histoni zilizokazwa, na huo ni ulinzi. Lakini kirusi huja na protini yake, VP16, ambayo huviita vimeng'enya vya seli hiyohiyo vifute alama za kunyamazisha. Kwenye ngozi kirusi hushinda, na malengelenge hutokea. Kwenye neva mambo ni mengine: kiini kiko mbali na ncha ambako kirusi kiliingilia, VP16 haifiki ya kutosha, na kirusi hunyamazishwa. Hubaki humo maisha yote, hadi homa, jua kali au msongo wa mawazo ukiamshe.

Hapa ndipo penye utata ambao watu wengi hawaambiwi. Ukimya huo, tulioujenga wenyewe kujilinda, ndio maficho ya kirusi. Seli isiyotengeneza protini za kirusi haitambuliwi na kinga ya mwili, na dawa inayozuia kirusi kuzaliana haina cha kuzuia.

VVU hufanya hivyo kwa namna mbaya zaidi, kwa sababu huchomeka jeni zake ndani ya DNA ya seli za CD4, ambazo ni seli za kinga ya mwili. Baadhi ya seli hizo hupumzika kwa miaka mingi, huku vimeng'enya vinavyoondoa asetili vikizifunga jeni za kirusi. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba vorinostat, dawa ya saratani inayozuia vimeng'enya hivyo, iliviamsha VVU kwa wagonjwa waliokuwa kwenye tiba. Virusi viliamka kweli, ila kuamka peke yake hakukutosha kuziua seli zilizovibeba. Kundi jingine la watafiti linatafuta kinyume chake, yaani kuzifunga jeni hizo zisiamke tena. Kwa mgonjwa wa leo ushauri ni uleule: asiache dawa hata virusi visipoonekana, na ajue pia kwamba katika hali hiyo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono.

Mjanja kuliko wote, kwa maoni yangu, ni kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Seli hukinyamazisha kwa methili, lakini protini yake ya kuamkia, Zta, hushika vizuri zaidi sehemu kadhaa za DNA zikiwa tayari na methili.

Na si virusi vya leo tu. Takriban asilimia 8 ya DNA yetu ni mabaki ya virusi vya kale vilivyochomekwa kwa mababu zetu, vingi vikiwa vimenyamazishwa kwa njia hizihizi. Vichache vimepewa kazi: jeni ya sinsitini, iliyotokana na kirusi, husaidia kuunda kondo la nyuma.