Ukuta wa mpaka wa Marekani na Mexico: dhana potofu kuhusu ukaguzi na ukarabati

Kila unapotajwa muswada wa kukagua na kukarabati ukuta wa mpaka wa Marekani na Mexico, swali ni lilelile: "Chuma kimejazwa zege, cha kukagua ni nini?" Tumechoka kulisikia.

Dhana: Ukuta wa chuma ukishasimama, umesimama.

Nguzo zake ni mabomba ya mraba yenye upana wa sentimita 15 hivi, yamejazwa zege, na marefu yake yanafika mita 9. Yanakatika, tena kwa msumeno wa umeme wa kawaida wa dukani. Nguzo imeshikwa juu tu kwenye bamba, kwa hiyo ikishakatwa chini inasukumika pembeni. Wakataji huirudisha mahali pake na kuziba alama kwa puti ya rangi ya chuma. Anayepita kwa gari haoni kitu. Sheria ikisema "ukaguzi", basi itamke wazi kuwa ni wa miguu: tochi kwenye shina la nguzo, teke moja kila nguzo, na iliyocheza ipigwe picha na kuandikwa namba yake.

Kuchomelea peke yake hakutoshi. Chuma cha kiungo ni laini zaidi, zege ndani limeshapasuka, na wakataji hurudi palepale. Nguzo iliyowahi kukatwa ikaguliwe mara nyingi kuliko jirani zake. Kati ya mwaka wa fedha 2010 na 2015 uzio wa kuzuia watembea kwa miguu ulitobolewa mara 9,287, na kuziba tundu moja kuligharimu wastani wa dola 784.

Halafu kuna maji. Nafasi kati ya nguzo ni sentimita 10 tu. Matawi na takataka zikinasa hapo, ukuta unageuka bwawa. Agosti 2021, kusini mashariki mwa Arizona, mafuriko yaling'oa malango ya ukutani ya kupitisha maji kwenye bawaba zake. Msimu wa mvua huko huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Bawaba na makufuli yakaguliwe Mei, malango yafunguliwe kabla ya mvua, na baada ya kila furiko msingi uangaliwe kama udongo umechimbika.

Dhana: Ukuta mpya hauna haja ya kukaguliwa.

Januari 2020, huko Calexico, mji wa mpakani California, upepo uliangusha vipande vipya kwa sababu zege la msingi lilikuwa halijakauka.

Dhana: Muswada ukipita, mafundi wanaanza kazi.

Lazima upite Baraza la Wawakilishi na Seneti, kisha uende kwa rais, ambaye kwa kawaida hutia saini. Hata hapo mara nyingi inakuwa ruhusa tu; fedha hutengwa kwa sheria nyingine ya matumizi. Usipokamilika ndani ya muhula wa miaka 2 wa Bunge, yaani mabaraza hayo mawili, unakufa na kuanza upya.

Dhana: Marekani hukarabati itakavyo, ardhi ni yake.

Kando ya Rio Grande, mto wa mpakani, mkataba wa 1970 na Mexico unakataza ujenzi unaozuia au kugeuza mkondo wa maji, yakiwemo ya mafuriko.