Kinu cha upepo cha fezi tatu na betri yako: tuyanyooshe

Wauza vifaa vya sola pale Busia wameniambia mara kadhaa kwamba fezi tatu, yaani umeme wa kinu unaoshuka kwa nyaya tatu, zinataka betri tatu. Si kweli. Nyaya tatu zinazoshuka kwenye nguzo huingia kwenye rektifaya, kifaa cha kuugeuza umeme huo uweze kuchaji betri, chenye dayodi sita (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), na upande wa pili hutoka mbili tu, chanya na hasi, za kwenda kwenye betri. Zile tatu ziunganishe kwa mpangilio wowote. Upande wa betri ndio usiochezewa: ukigeuza chanya na hasi, dayodi zinaungua. Weka fyuzi karibu na betri.

Wengine hutaka kutumia alternata ya gari, ile jenereta inayochaji betri yake. Nayo ni fezi tatu, ndiyo, lakini imeundwa izungushwe na injini, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mapanga mazuri ya kipenyo cha mita 2, upepo ukiwa mita 6 kwa sekunde, hufikisha kama 350 tu, haitoshi. Tafuta jenereta ya sumaku za kudumu.

Tena usidanganywe na macho: kinu kinaweza kuzunguka kutwa bila kuchaji chochote. Mpaka volti zinazotoka kwenye dayodi zizidi za betri, hakuna kinachoingia. Na upepo ukipungua kasi kwa nusu, nguvu yake inabaki moja ya nane tu. Uganda yetu sehemu nyingi ina upepo mpole. Karamoja na ufuoni mwa Ziwa Viktoria kuna nafuu.

Linalonitia hofu hasa ni ushauri huu ninaousikia: "Betri ikijaa, chomoa waya, kama sola." Tafadhali, usichomoe! Paneli ikichomolewa hutulia. Kinu kikikosa mzigo kinakimbia ovyo, volti zinapanda, na panga linaweza kukatika likarukia watu. Ndiyo maana kidhibiti cha kinu hupeleka umeme wa ziada kwenye rezista kubwa, kifaa kinachougeuza umeme kuwa joto. Moroto niliona moja imefungwa kwenye bati, mbali na mbao, na ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la mvua lilichemka juu yake. Hapo ndipo umeme usiohitajika unapoishia.

Ukitaka kupanda kukarabati, subiri upepo ulegee, kisha unganisha zile nyaya tatu pamoja kabla ya rektifaya. Mapanga yanakuwa mazito, yanatambaa. Swichi ya kazi hiyo iweke chini ya nguzo, mahali unapoweza kuifikia hata usiku wa mvua.