Noti za Ujerumani Mashariki: anzia nyuma

Anayeanza kukusanya noti za nchi za kikomunisti hutafuta sura: Lenin, Mao, Marx. Sisi tunaotunza noti makumbusho humwambia aigeuze kwanza.

Chukua noti za Ujerumani Mashariki zenye tarehe za 1971 na 1975. Mbele yumo Thomas Müntzer kwenye marki 5, Clara Zetkin kwenye 10, mshairi Goethe 20, Engels (mwandishi mwenza wa Marx) 50, Marx mwenyewe 100. Mtawala wa wakati ule hayumo hata mmoja. Katika toleo la 1964, marki 5 ilikuwa na mwanasayansi Alexander von Humboldt, na marki 10 mshairi Schiller. Wakaondolewa: nafasi ya kwanza akapewa Müntzer, mhubiri aliyeuawa mwaka 1525 katika vita vya wakulima, ya pili Zetkin, mwanamke aliyepigania haki za wanawake wafanyakazi.

Nyuma utaona mashine za kuvunia, watoto wakitoka shuleni, kiwanda cha mafuta cha Schwedt. Ila iliyo bora kuliko zote, kwa macho yangu, ni marki 10: mwanamke ameketi kwenye chumba cha kuongozea mitambo ya umeme wa nyuklia ya Rheinsberg. Zetkin upande mmoja anadai. Upande wa pili serikali inajisifu kwamba imetimiza. Ni propaganda, naam, lakini ya fundi anayejua kazi yake.

Mwaka 1985 zikachapwa marki 200 na 500, zisitolewe kamwe. Ya 200 ina familia mbele ya maghorofa mapya. Mzanzibari hana haja ya kuelezwa maghorofa hayo, maana Nyumba za Maendeleo za Kikwajuni zilijengwa kwa msaada wa nchi hiyohiyo.

Basi vipi noti ambayo haikutolewa inauzwa leo? Tarehe 1 Julai 1990, Ujerumani mbili zikielekea kuungana, marki ya Magharibi ilichukua nafasi ya ile ya Mashariki, na takribani tani 3,000 za noti zikafungiwa katika mahandaki karibu na Halberstadt, yaliyochimbwa na wafungwa wa kambi ya Wanazi. Zilitarajiwa kuoza. Hazikuoza. Mwaka 2001 wezi walipenya, na marki 200 na 500 zikaanza kuonekana kwa wakusanyaji. Mwaka uliofuata shehena yote ikachomwa moto.

Kwa hiyo muuzaji akikusifia marki 500 kwamba "haijawahi kutumika", usimwongezee hata senti kwa sifa hiyo. Hakuna iliyowahi kutumika. Marki 10 iliyochakaa huwa bei nafuu, na hiyo ndiyo iliyonunua mkate. Imulike kwenye mwanga uone alama ya maji yenye sura ya Zetkin. Usiifue, usiipige pasi: mkunjo ulionyooshwa huonekana mara tu taa ikimulika kwa ubavuni, na bei hushuka papo hapo.