Arthur Erickson: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Chuo Kikuu cha Simon Fraser kilijengwa kama gereza, ili wanafunzi wasigome." Ukimtaja Arthur Erickson, msanifu majengo wa Vancouver, Kanada, haya ndiyo utakayoambiwa kwanza. Tarehe peke yake zinatosha kuuangusha uvumi huu. Yeye na mwenzake Geoffrey Massey walishinda shindano la michoro mwaka 1963, chuo kikafunguliwa juu ya Mlima Burnaby Septemba 1965. Wimbi la migomo lilikuja baadaye. Tena badala ya kuvitawanya vitivo, kila kimoja na jengo lake, waliviunganisha kwa uwanja mrefu wenye paa la kioo. Mvua ya Vancouver haina adabu. Chini ya paa lile mwanafunzi wa fizikia na wa historia wanakutana wakavu, kama watu barazani. Sasa nani anayeogopa mikusanyiko akajenga baraza? Na mwaka 1968 wanafunzi walilikalia jengo la utawala la chuo hichohicho, wakakamatwa 114.

"Alijua zege tu, kijani hakukijali." Zege alilipenda, hilo halina ubishi; aliliita marumaru ya zama zetu. Lakini nenda Robson Square, katikati ya mji. Serikali ya jimbo iliyokuwapo kabla ya mradi wake ilitaka mnara wa ghorofa 55 pale. Erickson akaulaza ubavu: mahakama zikakaa chini ya paa la kioo lililoinama, maji yakaporomoka kando ya ofisi, na Cornelia Hahn Oberlander, mbunifu wa bustani, akapanda miti juu ya mapaa.

Sifa nyingine ya pale ni ngazi zilizokatwa mshazari na njia ya viti vya magurudumu. Wengi huzitaja kama mfano bora wa kuwajali walemavu. Kwenye picha zinapendeza kweli, ila njia yenyewe ni ya mwinuko mkali, na wenye viti hivyo wameilalamikia. Hapa siwezi kumtetea.

"Alikufa tajiri." Mwaka 1986 alikuwa Mkanada wa kwanza kupewa Medali ya Dhahabu ya wasanifu wa Marekani, mwaka 1992 akafilisika. Hadi alipofariki mwaka 2009 mtu huyu aliyechora majengo ya ubalozi na kumbi za muziki hakuwahi kujijengea jumba mjini Vancouver. Kwake palikuwa gereji ya zamani aliyoigeuza nyumba, yenye bustani na kidimbwi, na iliponusurika kuuzwa ni kwa sababu marafiki waliingilia kati.