Dawa za chupa za karne ya 19 hazikuwa mitishamba mitupu

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti Waingereza na Wamarekani wa enzi za Malkia Victoria (karne ya 19) walijitibu kwa chupa za mitishamba, zisizo na kemikali, walizoagiza kwa posta, na wakapona bila daktari.

Mitishamba ilikuwemo, ni kweli. Tatizo ni kilichochanganywa nayo. Sharubati ya kutuliza watoto wanaoota meno ilikuwa na mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni. Mtoto alinyamaza kweli. Wapo ambao hawakuamka tena. Dawa moja ya wanawake iliyotengenezwa Massachusetts, Marekani, ilikuwa na pombe karibu asilimia 20, kali kuliko divai ya kawaida. Mtu akinywa hivyo lazima ajisikie nafuu kidogo!

Na ushauri wa kiafya uliotolewa kwa barua? Mama aliyeanzisha dawa hiyo ya wanawake alifariki mwaka 1883, lakini matangazo yaliendelea kuwahimiza wagonjwa wamwandikie. Waliojibu ni makarani.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu matangazo ya zamani yalisifu mizizi na majani, huku viambato vingine vikifichwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ndiyo iliyolazimisha lebo zitaje mofini, kasumba (afyuni) na pombe. Ukitaka kuhakiki, tafuta mtandaoni picha za lebo za makumbusho, ulinganishe za kabla na baada ya sheria hiyo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwenye magrupu ya wazazi wenye watoto wachanga.