Faili kuitwa SVG hakuifanyi nembo kuwa vekta

Wiki hii nimeletewa tena, kwa mara ya tatu mwezi huu, faili la nembo ambalo jina lake linaishia na .svg, muundo wa vekta (mchoro unaoelezwa kwa mistari na maumbo), lakini ndani yake mna PNG tupu, yaani picha ya vitone vya rangi (pikseli). Aliyelileta, katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo huku mashariki ya Uganda, aliniambia kwa uhakika kabisa: "Fundi, hiyo ni vekta tayari, wewe iweke tu ionekane kwenye Gmail." Nililifungua kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi. Mstari wa tano ulianza na <image, ukafuatwa na data:image/png;base64, kisha msururu wa herufi zisizosomeka uliojaza kioo cha kompyuta mara nyingi. Lilikuwa na kilobaiti 412.

Hiyo si vekta. Ni picha ya pikseli iliyovishwa jina la vekta, na BIMI, yaani utaratibu unaoiweka nembo ya taasisi kando ya barua pepe zake, hauikubali hata kidogo.

Ninaloombwa kila mara ni "kulegeza masharti", kana kwamba masharti ni yangu. SVG ni maandishi yanayoeleza maumbo, lakini ni maandishi yanayoweza pia kubeba skripti, miondoko na viungo vya kuita kitu kutoka seva nyingine. Kwenye tovuti mambo hayo yana kazi yake. Kwenye kikasha cha barua cha mtu mwingine ni hatari, kwa sababu nembo inayoita seva ya mbali ingeweza kumwambia mtumaji ni nani amefungua barua na saa ngapi. Ndiyo maana BIMI inadai muundo uliobanwa uitwao SVG Tiny Portable/Secure, uliojengwa juu ya SVG Tiny 1.2 ya mwaka 2008, ambamo skripti, miondoko, marejeo ya nje na picha za pikseli zilizopachikwa zimepigwa marufuku. Anayenilalamikia kwamba huu ni urasimu anasahau kwamba kikasha kinacholindwa ni chake pia.

Upande wa seva nitaupita haraka. DMARC, yaani sera inayoziambia seva za barua zifanye nini na barua zinazoghushi jina la kikoa chako, iwe p=quarantine (zitengwe) kwa asilimia 100, au p=reject (zikataliwe); p=none (zisiguswe) haitoshi. Rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi kwenye DNS, ikae kwenye default._bimi ya kikoa chako, ianze na v=BIMI1, na faili lipatikane kwa https. Ndani ya faili lenyewe, tagi ya kwanza iwe na version="1.2" na baseProfile="tiny-ps", isiwe na x wala y, na pawepo title yenye jina la taasisi. Programu ya kuchorea ya Illustrator ukiiagiza ihifadhi kwa SVG Tiny 1.2 itaandika "tiny" peke yake na kuziacha x na y mahali pake, kwa hiyo sahihisha kwa mkono. Mchoro uwe wa mraba, mandharinyuma yawe na rangi kamili, na faili lisizidi kilobaiti 32.

Kazi ngumu ni mchoro. Nembo ya chama hicho ni korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera yetu, na taji lake limechorwa kwa nyuzi nyembamba za rangi ya dhahabu. Katibu alikuwa amejaribu kuigeuza PNG kuwa vekta kwa programu ya bure, nayo ikageuza kila ukingo uliofifia kuwa umbo lake, hata shingo ya ndege ikawa na vipande vya kijivu kama magamba ya samaki. Nilichora upya kwa mkono, nikapunguza nyuzi za taji kutoka 41 hadi 13, nikazinenepesha kidogo, kisha nikamsogeza ndege katikati, kwa kuwa Gmail huikata nembo kuwa duara na ncha ya mdomo ilikuwa inapotea. Kwenye simu duara hilo ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nyuzi 41 zingeonekana kama doa la haradali.

Hapa ndipo ninapokuwa na shaka ambayo miongozo haiigusi. Gmail haionyeshi nembo bila cheti, na cheti cha VMC (Verified Mark Certificate) hutolewa kwa nembo inayolingana na alama ya biashara iliyosajiliwa. Je, korongo wa nyuzi 13 ni yule yule wa nyuzi 41? Mimi naona ndiye; mkaguzi wa cheti anaweza kuona vingine, na sijapata kipimo kinachoniridhisha. Usajili wenyewe pia lazima uwe katika ofisi zinazotambuliwa na watoa vyeti, kwa hiyo soma orodha yao kabla ya kudhani kwamba karatasi ya URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, inatosha. Kuna pia cheti cha CMC (Common Mark Certificate), kisichohitaji usajili bali uthibitisho kwamba nembo imetumika hadharani kwa miezi 12, ingawa hicho hakileti ile alama ya buluu ya uthibitisho ambayo Gmail huwawekea wenye VMC. Kwa chama kidogo naona ndiyo njia yenye busara. Yahoo huweza kuonyesha nembo bila cheti kwa mtumaji wa barua nyingi mwenye sifa njema, nayo Outlook haishiriki kabisa, kwa hiyo simuahidi mteja yeyote kwamba nembo yake itaonekana kila mahali.

Faili la korongo sasa lina kilobaiti 7. Nimemwomba katibu amtafute mchoraji wa kwanza kule Mbale, kwa maana faili lake asilia, kama bado analo, ndilo litakaloonyesha taji lilikusudiwa liwe na nyuzi ngapi.