Leseni ya TV Uingereza: kuacha ni jambo moja, kugoma ni jingine

Mama mmoja wa Mombasa aliingia ofisini kwetu amekumbatia bati la biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti. Alitoa barua tisa za TV Licensing, wale wanaokusanya ada ya leseni ya TV inayoigharamia BBC, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani kama karata. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake. Zote zimeandikiwa "mkaazi halali" wa nyumba ile, na ya mwisho ina maandishi mekundu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi TV sitazami. Ile iliyo nyumbani ni ya katuni za DVD za wajukuu. Sasa hawa wanataka nini kwangu?"

Nashughulika na ushauri wa kisheria katika kituo cha jamii mashariki mwa London, na swali la huyu mama naliskia kila mara, sauti tu ndiyo inayobadilika. Wengine huja na hofu, wengine huja na hasira. Wenye hasira huniambia wameshaamua: hawalipi ng'o. Hao ndio hunitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wengi wao wanaendelea kutazama.

Kinachotuchanganya sisi ni mazoea ya nyumbani. Dar au Nairobi, kifurushi cha king'amuzi kikiisha, picha inakatika. Hujalipa, huoni, mambo yameisha. Hapa hakuna wa kukukatia. Unachomeka antena, chaneli zinamiminika, leseni uwe nayo usiwe nayo. Mtu hukaa mwaka mzima akidhani hadaiwi chochote kwa sababu picha haijawahi kupotea.

Sheria yenyewe ni ile ya Mawasiliano ya mwaka 2003, kifungu cha 363, na haiulizi kama una seti ukutani. Inauliza unaitumia kufanya nini. Leseni inahitajika ukitazama au kurekodi kipindi cha TV wakati kinarushwa hewani, kwa chaneli yoyote na kwa chombo chochote, iwe runinga, kompyuta au simu. Inahitajika pia ukifungua BBC iPlayer, programu ya BBC ya kutazamia vipindi mtandaoni, kwa kipindi chochote, hata cha wiki iliyopita. Hilo la marudio liliongezwa tarehe 1 Septemba 2016.

Hapo kwenye "chaneli yoyote" ndipo tunaponaswa. Kijana mmoja aliniapia kwamba BBC hajawahi kuifungua tangu atue Heathrow. Nikamuuliza, Jumamosi za watani wa jadi je? Akacheka. Simba na Yanga anaitazama mubashara kwenye simu, kwa programu ya kituo cha nyumbani. Basi hiyo ni TV laivu, na kuwa kituo kiko Afrika Mashariki hakumsaidii: matangazo ya kutoka nje, yawe ya dishi au ya intaneti, yamo ndani ya sheria ileile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na nikiitazama kesho yake?" Kesho yake haina neno.

Filamu za Netflix hazihitaji leseni, wala video za kawaida za YouTube, wala DVD, wala marudio ya ITVX, programu ya chaneli ya ITV. Lakini Netflix hiyohiyo ikirusha pambano la ndondi moja kwa moja, au ukifungua Sky News laivu ndani ya YouTube, umeshaingia kwenye leseni. Redio ni bure kabisa. Leseni yake ilifutwa Februari 1971.

Bei iliwekwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Ilipoanza mwaka 1946, ilikuwa pauni 2, redio na televisheni pamoja. Leseni moja hutosha nyumba nzima, ila wale mnaopanga vyumba angalieni mkataba. Mkiwa mmesaini mkataba mmoja wote, leseni moja inawafunika. Kila mtu akiwa na mkataba wake wa chumba, kila chumba anachotazamia mtu TV kinahesabika chenyewe. Mwenye miaka 75 na zaidi hupewa bure iwapo anapata mafao ya Pension Credit, yaani nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, na asiyeona hulipa nusu. Anayebanwa na hali anaweza kulipa kidogo kidogo kwa awamu, na kwa mtu ambaye hawezi kukaa bila taarifa ya saa nne usiku, mimi humshauri hivyo badala ya kucheza na sheria.

Sasa, kuacha. Kuacha ni haki yako na hakuna anayeweza kukuzuia. Ondoa iPlayer kwenye vyombo vyote, na antena ichomoe. Sheria haikulazimishi kuichomoa, lakini waya uliochomolewa huzuia mtoto kubonyeza rimoti bila kujua anachofungua. Kisha ingia kwenye tovuti ya TV Licensing, ujaze tamko kwamba huhitaji leseni. Kama umebakiwa na mwezi mmoja kamili au zaidi, omba urudishiwe fedha za miezi iliyobaki. Watu wengi husahau hii hatua, au wanakimbilia benki kusimamisha malipo bila kumwambia mtu, halafu wanashangaa barua zinavyomiminika. Tamko lenyewe si lazima kisheria. Linapunguza barua, linadumu miaka miwili, na bado afisa anaweza kuja kuhakikisha.

Tuzungumze kuhusu huyo afisa, maana hapa ustaarabu wetu unatuponza. Mtu akibisha hodi, sisi tunasema karibu. Tumelelewa hivyo, hata mdai anakaribishwa kwanza, maji ya kunywa yanaletwa, ndipo deni linazungumzwa. Kwa afisa wa leseni, "karibu" ni ruhusa ya kuingia. Bila ruhusa hiyo hana haki ya kuvuka kizingiti chako, isipokuwa awe na hati ya upekuzi iliyotolewa na hakimu. Kama ana hati, usimzuie. Kama hana, unaweza kumjibu mlangoni kwa adabu, au kumwambia huna la kusema, ukafunga mlango. Anaandika majibu yako kwenye fomu na kukuomba utie saini, na fomu hiyo ndiyo inayokwenda mahakamani. Usisaini maneno usiyoyaelewa kwa sababu tu mtu amevaa kitambulisho na amekuwa mpole. Wala usidanganye. Kunyamaza na kudanganya havifanani, na cha pili kinakuharibia kesi.

Kwa England na Wales kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000, gharama za kesi mbali. Kesi nyingi huamuliwa na hakimu mmoja anayesoma makaratasi peke yake, wewe haupo. Inakuja notisi kwa posta, una siku 21 za kujibu. Bahasha ile ikiishia kwenye bati la biskuti, kesi itaendelea bila wewe. Na kwa wenzetu wanaosubiri uraia, fomu huuliza kuhusu hukumu na faini.

Zaidi ya asilimia 70 ya wanaotiwa hatiani ni wanawake. Sidhani wanawake wanapenda TV kuliko waume zao. Mwanamke ndiye aliye nyumbani mchana, ndiye anayefungua mlango, na jina linaloandikwa kwenye fomu ni la aliyefungua, hata kama dishi alilifunga mume na mpira anautazama mume. Kwa hiyo baba mwenye msimamo wa kugoma, kabla hujaniambia habari za kanuni zako, niambie kwanza mchana nani anabaki nyumbani.

Sisemi msimamo hauna maana. Kuna wanaoona si haki kutozwa fedha za BBC kwa kutazama chaneli nyingine, na hoja hiyo ina uzito. Hata serikali inaijadili, kwa kuwa mkataba wa kifalme wa BBC, yaani hati inayoipa BBC mamlaka ya kuendesha kazi zake, unakwisha tarehe 31 Desemba 2027. Wajerumani wameenda njia nyingine kabisa: tangu 2013 kila kaya inachangia, uwe na runinga au usiwe nayo, hivyo ndugu zetu wa Hamburg hawana hata mlango huu wa kuacha. Binafsi huwa nawatania wagomaji wenye umri wangu. Tumekua na Amka na BBC asubuhi na Dira ya Dunia jioni. Idhaa ile ya Kiswahili ilianza Juni 1957, na tangu Aprili 2014 sehemu kubwa ya gharama za matangazo ya dunia ya BBC, ambayo idhaa hiyo ni sehemu yake, imebebwa na leseni hii hii tunayoilalamikia. Si sababu ya kisheria ya kulipa, najua.

Yule mama tulimjazia tamko palepale, dakika kumi hivi. Barua zake akazirudisha kwenye bati. Alipofika mlangoni akageuka: mjukuu wake anaolewa Lamu Ijumaa, na watairusha harusi laivu kwenye simu. Je, hiyo nayo leseni? Nikamwambia hapana, harusi ya familia si kipindi cha televisheni. Akafikiri kidogo. "Na wakija kubisha wakati bibi harusi anatoka?"

"Usifungue, mama."